Nilibonyeza Ruhusu

Sehemu ya saba

Uliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita, sogea nikuunganishe haraka, maana wenzako wameshafika mbali na mimi sina pumzi ya kurudia yote.

Mimi ni Kindness. Nina miaka thelathini na sita. Ndoa yangu ya kule mtaa wa Pasua ilinitema na begi moja, nikarudi kijijini Mamba kwa mama, huku juu kwenye migomba. Asubuhi nashuka Moshi mjini kuuza katika duka la vitambaa la Bwana Sunil, jioni napanda.

Mama alianza kukwamwa na ndizi. Ikafuata nyama, ikafuata mtori. Daktari akatuita watoto pembeni, akasema ni saratani ya koo la chakula, bado inawezekana kuikata, ila upasuaji usivuke mwezi huu. Akatupa tarehe: Jumanne, wiki mbili na ushee mbele, na Jumatatu yake alazwe.

Kaka yangu Eliamini, mzaliwa wa kwanza, akatoa amri palepale koridoni. Mama asiambiwe. Aambiwe ana vidonda, na Jumanne anaenda kusafishwa. Sisi wengine tukaitikia kama kwaya.

Niliishia pale niliporudi kutoka kazini Jumatano jioni nikakuta banda liko wazi na ng'ombe hayupo.

"Mama, ng'ombe yuko wapi?"

"Kwa Magdalena." Magdalena ni jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji.

"Amekwenda kupandishwa?"

"Amekwenda kukaa. Nimempa."

"Ng'ombe wa maziwa, mama? Umempa hivihivi?"

"Nani atamkatia majani? Wewe unarudi hapa miguu imevimba hata viatu havivuki."

Sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza wiki hiyo. Nilisema moyoni ni vumbi la kahawa, kama vile mtu aliyeamua kudanganya wenzake lazima aanze na nafsi yake.

Mama akatoa simu chini ya kanga. Akavaa miwani.

"Kaa hapa, nieleze kitu. Jeneza la mninga na jeneza la paini, lipi linakaa ardhini muda mrefu?"

Nilikaa.

"Mama, maneno gani hayo?"

"Simu imeniletea. Nimefungua kwaya, chini ya kwaya yamepangwa majeneza, na wameandika yako karibu nawe. Juzi ilileta dalili za saratani ya koo. Wiki iliyopita ilileta mtori wa mgonjwa asiyemeza. Mimi sijaviita hivyo vitu. Kindness, hii simu inanijuaje?"

"Ni matangazo, mama. Yanaletwa kwa kila mtu."

"Magdalena naye ana simu. Kwake yanaletwa mahubiri na vifaranga."

"Basi ni bahati mbaya tu."

"Eeh," akasema, akavua miwani na kuikunja taratibu. Mama yangu akikunja miwani taratibu, ujue amekuacha useme uongo wako hadi mwisho.

Alhamisi nilimwomba Bwana Sunil nusu saa, nikaenda Majengo kwa Calvin, fundi simu. Yeye ndiye aliyetuuzia simu ya mama Krismasi iliyopita. Nilikuwa nimeichukua simu yenyewe, nimemwambia mama naenda kuibadilishia kioo.

Calvin aliigeuzageuza, akacheka kidogo.

"Dada, simu ya bi mkubwa iko kwenye akaunti yako."

"Si wewe uliyeiweka hivyo?"

"Bi mkubwa hana barua pepe, na wewe siku ile ulikuwa na haraka. Watu wote wa mlimani wananiletea simu za wazazi hivyo hivyo. Simu ya mama, akaunti ya mtoto, maisha yanaenda."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Ubaya ni kwamba simu haijui kama nyie ni wawili. Inajua kuna mtu mmoja anaitwa Kindness ana simu mbili. Ukitafuta kitu dukani kwa Mhindi wako, inasema huyu Kindness anahangaikia hiki, ngoja nimletee na kwenye ile nyingine."

"Mbona mwaka mzima haikufanya hivyo?"

Akanitazama. "Kuna mahali umebonyeza Ruhusu?"

Nilibonyeza. Nakumbuka hata benchi nililokalia hospitalini siku ile. Nilikuwa nimeandika jina la ugonjwa, nikaletewa maneno ya Kiingereza na hospitali za nchi ambako sitafika. Kikatokea kidirisha kikiniuliza kwa adabu kama ningependa majibu yanayonifaa zaidi. Kiruhusiwe kutumia mahali nilipo, ratiba yangu, picha zangu na yote niliyowahi kutafuta.

Nikabonyeza kama mtu anayesukuma mlango wa choo kwa haraka.

Na sitasema uongo, ilinisaidia. Ghafla majibu yakaja kwa Kiswahili. Ilijua niko Moshi. Ilijua kliniki ni Jumanne. Nilikuwa nimepiga picha kadi ya mama, ikajua umri wake, ikanipa vyakula vya mgonjwa wa umri huo vinavyopikwa kwa ndizi na maziwa. Mume niliyekaa naye miaka tisa hakuwahi kujua kwamba nanywa chai bila sukari, na simu ilinijua kwa siku tatu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Nimeizunguka sehemu sita za hadithi hii, leo naisema.

Wiki moja kabla ya ng'ombe kuondoka, mdogo wetu Praygod alinipigia kutoka Dar. Kwetu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho, na huyo ni yeye. Alikuwa mchangamfu.

"Dada, haya mambo ya mama yakishapita, nataka nivunje jiko lile nijenge la kisasa. Wifi yako hawezi moshi."

"Na mimi?"

"Wewe si utatafuta pa kukaa? Au vipi?"

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma zaidi. Nilikata simu, nikakaa nyuma ya majora ya vitambaa, nikaandika: mama akifariki binti aliyemuuguza anapata nini.

Niliandika hayo mama yangu akiwa hai, akinisubiri nipande na dawa zake. Nilifuta machozi, nikarudi kupima pazia la mteja.

Simu haikurudi kupima pazia. Ilichukua mama mgonjwa, ikachukua hospitali, ikachukua lile neno kufariki, ikafanya kazi yake kwa uaminifu. Ikatafuta mawakili. Ikatafuta mifano ya wosia. Ikatafuta majeneza ya karibu. Vyote ikampelekea mama chini ya kwaya.

Calvin alikuwa anashusha orodha ya yote niliyotafuta. Kidole chake kikasimama. Nilijua kimesimama wapi.

"Dada, hii ni..."

"Futa."

"Ni ya kwako hii?"

"Calvin, futa zote."

"Zote? Kuna nyingine za ajabu hapa, za sauti. Zinaanza na salamu. 'Habari za mchana, naomba kuuliza.' Nani anaisalimia simu?"

"Mimi nina mteja ananisubiri. Futa."

"Zikishatoka hazirudi."

"Ndicho ninachotaka."

Akafuta. Kisha akaniuliza kama amfungulie bi mkubwa akaunti yake mwenyewe, tuachane kabisa. Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nilikuwa na ujanja, na ujanja si akili.

Nilijiambia hivi: kama simu inamwambia mama kila ninachotafuta, basi nitatafuta ninachotaka mama aambiwe.

"Iache ilivyo," nikamwambia.

Ijumaa nzima nilikuwa kazini kwa mwili tu. Kila mteja akitoka, naandika. Mama aliyepona vidonda vya koo. Ushuhuda wa aliyesafishwa koo akala ndizi siku ya tatu. Upasuaji usioumiza. Nilifungua video za kina mama wanaocheza madhabahuni, nikaziacha zikimbie mpaka mwisho ili simu iamini kwamba nazipenda.

Bwana Sunil aliinua macho kutoka kwenye chai yake.

"Kindness, leo unauza au unaombea wagonjwa?"

"Vyote, Bwana Sunil."

"Basi pima ile satini kwanza, halafu uombee."

Nilipopanda jioni nilimkuta mama anatazama mwanamke mmoja akiruka kanisani, anasema alikuwa hamezi hata mate na sasa anakula makande. Nikampa maji ya mtori, akameza vijiko vinne. Nikalala nikijiona nimeweza.

Jumamosi mchana, nikiwa dukani, simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa imenipangia mambo juu ya kioo, kama inavyofanya siku zote, chini ya maneno 'kwa ajili yako'.

Mgonjwa anaweza kukataa upasuaji?

Upasuaji wa koo ukisogezwa hadi Krismasi.

Mama mjane anaweza kumwandikia binti nyumba?

Niligeuka kutazama nyuma, nikidhani kuna mtu ameshika simu yangu. Hayo sikuyatafuta mimi. Nikafungua orodha. Yalikuwa yameulizwa saa nne asubuhi, wakati mimi nambeba bibi harusi mmoja kwa maneno anunue lesi.

Hapo ndipo nikaelewa kile Calvin alichoniambia na mimi nikakisikia nusu. Simu haikujua kama tuko wawili. Yangu yalikuwa yanakwenda kwa mama, na ya mama yalikuwa yanakuja kwangu.

Mama, ambaye watoto wote watatu tuliamini anajua kufungua kwaya tu, alikuwa anauliza maswali. Alikuwa anajua. Sisi ndio tulikuwa tunafichwa.

Jumapili hakwenda kanisani. Katika maisha yangu sikumbuki Jumapili mama yangu akiwa mzima wa miguu na hakwenda kanisani. Mimi nilikwenda, nikakaa nyuma, sikusikia hata somo.

Wakati wa kurudi nilipita mpakani mwa kihamba chetu, lile shamba la ukoo, nikakata isale.

Msomaji wa mbali, nikueleze. Isale ni yale majani marefu tunayopanda mipakani. Ukimkosea mtu, unakata jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Mtu aliyepokea isale hakatai anachoombwa. Kuna watu huku walichinjiana ng'ombe na hata kumwaga damu, wakapatanishwa na jani hilo. Kwa hiyo halichezewi, na halikatwi kila siku.

Nilimkuta sebuleni kwenye kiti chake, simu mapajani. Nikapiga magoti.

Aliliona jani kabla sijalinyoosha.

"Unaomba nini?"

"Msamaha, mama. Niliandika neno baya kwenye simu. Neno la wewe kufa."

"Nililiona siku ileile. Nasikiliza kwaya, likapita juu: Kindness, bado unatafuta hiki?"

"Sikutaka ufe. Niliogopa kufukuzwa."

"Najua. Ningekuwa mimi ningeuliza mapema zaidi."

Akapokea isale langu. Akaliweka mapajani.

"Nimekusamehe. Limeisha."

Nililia kwa sauti. Nilidhani tumefika mwisho wa shida, kumbe nilikuwa nimeingia mlangoni tu. Mama aliingiza mkono nyuma ya mto wa kiti akatoa isale la pili. Lilikuwa limefungwa fundo, na kingo zake zimeanza kukauka. Alikuwa amelikata siku nyingi.

Mzazi hampelekei mtoto isale. Sijaliona hilo, sijalisikia. Ni kama kumwona baba askofu anafagia uwanja wako.

"Mama, usifanye hivyo."

"Pokea."

Mikono ikapokea kabla kichwa hakijafika.

"Naomba usinipeleke hospitali. Na sababu ibaki humu ndani, kaka zako wasijue."

Niliruka. "Na mimi isale langu linaomba uende."

"Lako limeshaomba msamaha na limepewa. Isale haliombi mambo mawili."

Lake liliomba mawili, nililihesabu vizuri, lakini nani wa kumwambia. Na kosa ni langu. Niliingia na jani moja mkononi, nikalitumia kwa ajili ya moyo wangu, wakati lilikuwa na kazi ya kuokoa maisha ya mtu. Yeye aliliona hilo mapema, ndiyo maana alinisubiri mimi nianze.

"Kwa nini, mama? Niambie tu kwa nini."

"Nikifia mezani kwa daktari Jumanne, Ijumaa mnanizika, Jumamosi Praygod anabadilisha kitasa. Wewe utakwenda wapi?"

"Nitapanga chumba Majengo."

"Nilikuzaa ili upange chumba Majengo?"

"Tuite ukoo wiki hii basi, useme unachotaka kusema."

"Wakija wiki hii watauliza haraka ya nini. Utawajibu vidonda? Na wakijua kilichopo watasema mgonjwa ameshikwa mkono na binti yake. Krismasi wote wanapanda bila kuitwa. Mbuzi anachinjwa, wanakula, wananyamaza, mimi nasimama. Mwenye nyumba akisema amesimama, hilo ni neno. Akisema amelala, ni homa."

"Krismasi ni mbali, mama. Daktari alisema mwezi huu."

"Mimi hakuniambia hivyo. Mimi aliniambia nina vidonda."

Nilitazama picha ya marehemu baba ukutani, naye alikuwa anatazama pembeni kama kawaida yake.

"Na hao waliopona uliowaleta tangu Ijumaa," mama akaendelea, "warudishe walikotoka. Leo jeneza, kesho watu wote wanaruka. Humu ndani simu ndiyo ilikuwa inaniambia ukweli peke yake, ukaenda ukaifundisha uongo."

"Uliwezaje kuuliza, mama? Nani alikufundisha?"

"Kuna alama ya kipaza sauti pale, si niliiona. Mwanzoni nilikuwa naisalimia kwanza, kama mtu. Nikaona haijibu salamu, nikaacha, sasa nauliza moja kwa moja. Lakini sauti hii imeharibika. Jana imeniambia nirudie mara tatu."

Nikamkumbuka Calvin na zile salamu. Alikuwa ameshika sauti ya mama yangu kiganjani, na mimi nikasema futa.

Jumatatu saa moja asubuhi nilitimiza nilichoombwa. Nilisimama nyuma ya jiko, nikapiga hospitali.

"Mgonjwa wetu wa leo haji," nikasema.

"Ameahirisha au ameghairi?" Alikuwa muuguzi wa wodi, anaharakisha.

"Haji."

"Dada, uwe na hakika. Kitanda hiki nampa mwingine sasa hivi, na nafasi inayofuata ni Januari."

"Nina hakika."

Kisha nikanawa uso, nikapanga uongo wa kumwambia Eliamini kwa simu, kwamba hospitali ndiyo imesogeza tarehe.

Sikupata nafasi ya kuutumia. Saa tatu honi ililia getini. Eliamini alikuwa amedamka Arusha, ameomba ruhusa kazini, amekuja kumpeleka mama mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilitoka kama mtu anayepuliza jivu.

"Uko tayari? Kindness, begi lake liko wapi?"

"Siendi," mama akasema. "Vidonda vimepona."

Eliamini alinigeukia. "Nini hiki?"

Nikaokota kikombe chake cha mtori.

"Amekula nini leo?"

"Maji ya mtori. Vijiko viwili."

"Anameza vijiko viwili, na amepona. Nani amemwambia amepona?"

Isale lilikuwa limefungwa ndani ya kanga yangu, nalisikia kiunoni.

"Nipe simu yako nimpigie daktari. Yangu imezima njiani."

Nilimpa. Ningemnyima angeuliza kwa nini, na kila 'kwa nini' ilikuwa imekatazwa. Alibonyeza kioo kikawaka, na simu, kwa uaminifu wake uleule, ikamfungulia mahali ambapo iliona panamfaa mwenye simu. Juu kumeandikwa: Endelea ulipoishia.

Eliamini alisoma kwa sauti. Alisoma polepole, kama anasoma barua ya mahakama.

"Mgonjwa anaweza kukataa upasuaji. Upasuaji wa koo ukisogezwa hadi Krismasi. Mama mjane anaweza kumwandikia binti nyumba."

Akainua macho.

"Akaunti hii ina jina la nani?"

"Langu."

"Kuna mtu mwingine anayeshika simu hii?"

"Hakuna."

"Basi nieleze kwamba sijaelewa. Naomba uniambie sijaelewa, Kindness."

Ningekuwa na zile zenye salamu, ningemwonyesha. Kaka yangu angesoma habari za mchana naomba kuuliza, na angesikia mama yetu ndani yake hata bila kuambiwa. Nilizifuta kwa haraka ya kuficha aibu yangu. Zilizobaki hazikuwa na salamu, na zilikuwa na jina langu.

Mama alikuwa ananitazama. Alikuwa ameshika isale langu mapajani.

Nikafikiri. Sijawahi kufikiri haraka hivyo maishani. Isale lilinifunga mimi, nisimpeleke na nisiseme sababu. Halikumfunga Eliamini. Akiamini kwamba mimi ndiye nyoka wa nyumba hii, kwamba nimemjaza mama maneno ili afe nichukue nyumba, hatabishana na mtu. Atambeba mama atamtia kwenye gari. Mama atafika hospitali. Nyumba nitakuwa nimeikosa, na jina langu nitakuwa nimelizika huku mlimani, lakini mama atafika.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asiende."

Mama akasimama. Alisimama wima kabisa, kama alivyopanga kusimama Krismasi mbele ya ukoo, akanyoosha lile jani kumwelekea Eliamini. Akafungua mdomo.

Sauti haikutoka. Ilitoka pumzi tu. Akajaribu tena, shingo ikavimba mishipa, ikatoka pumzi.

Eliamini alidhani analia. Akamkumbatia, akamnyanyua kama mtu anavyonyanyua mzigo wa majani mabichi. Hakuwa na uzito wowote.

"Wewe kaa hapahapa," akaniambia mlangoni. "Usiguse kijiko cha nyumba hii. Nikitoka hospitali naita ukoo, na Praygod atapanda basi leo."

Alimfunga mkanda. Mama alipiga kioo cha gari kwa kiganja, mara moja, akinitazama mimi. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati la Eliamini.

Gari likashuka, likapita kona ya kanisa. Nilikaa kwenye kiti cha mama. Nilikuwa nimepoteza kila kitu na moyo wangu ulikuwa mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya koridoni.

Kitu kikatetemeka chini ya mto. Ilikuwa simu ya mama. Kioo kiliwaka, kikaniita kwa jina.

Kindness, leo saa nane mchana: kulazwa, wodi ya upasuaji. Ukiondoka sasa utafika mapema.

Nikayasoma maneno hayo mara mbili kabla sijakumbuka. Kitanda kile nilikuwa nimekirudisha saa moja asubuhi, kwa mdomo wangu mwenyewe, na wameshampa mtu mwingine.